Umekwama Manda Unangoja Ndege? Vuka Uje Uitembee Lamu kwa Miguu

Hili swali naulizwa kila mara na watu tofauti, juzi mwalimu alokuja semina, jana shemeji wa rafiki yangu, kesho sijui nani: "Nimetua Manda saa nne asubuhi, ndege ya kuendelea ni saa kumi jioni, nifanye nini?" Na nikiwauliza mara ya mwisho walifanya nini wananambia walikaa palepale uwanjani, wakanywa soda mbili, wakachaji simu, wakalala kwenye benchi na mdomo wazi. Masaa sita jamani! Manda ni kisiwa chenye uwanja wa ndege, na mji wa Lamu uko hapo ng'ambo, ukisimama gatini unauona kwa macho, minara ya misikiti na majahazi yamepaki mbele.

Kinachowashika si umbali, ni uoga wa kuachwa. Sasa uoga huo dawa yake ni hesabu tu, na hesabu yenyewe usiifanye kwa ndege, ifanye kwa boti. Ndege ina saa yake imeandikwa kwenye tiketi, boti inaondoka ikijaa. Mtu akishaelewa hilo hata hanihitaji tena, lakini haya, nawaandikia yote hapa mara moja nipumzike.

Mwongozo huu unamfaa pia yule alotoka hotelini asubuhi na ndege yake ni ya mchana, na yule anaengoja maji yajae ndio aende Pate au Faza. Ni mji mmoja, miguu ni ileile.

Kabla hujatoka uwanjani hakikisha una haya

- Masaa yasiyopungua manne na nusu kutoka sasa hadi ndege iruke. Chini ya hapo kaa zako, kula biskuti.
- Pesa taslimu ndogondogo, noti za mia na hamsini. M-Pesa inafanya kazi karibu kila mahali lakini mama wa viazi hana wakati wa kungoja meseji yako iingie.
- Bando kwenye simu na chaji ya kutosha. Tiketi za makumbusho siku hizi zinalipiwa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, usifike mlangoni ukaanza kutafuta paswodi ya 2019.
- Viatu vya kukamata chini. Sio visigino, sio ndara za bafuni. Vichochoro vina mawe, vina mifereji, na vina punda, na punda ana tabia zake.
- Nguo ya heshima. Mabega na magoti yafunikwe, mwanamke na mwanamume sawa, leso au mtandio kwenye begi haina uzito. Hakuna atakaekupigia kelele ukivaa kaptula fupi lakini utaona wazee wanageuza macho, na hapo ushajua.
- Maji ya kunywa na kofia. Jua la saa sita Lamu halina utani.
- Jua leo ni siku gani. Ijumaa mchana kila kitu kinafungwa watu waende kuswali. Ramadhani usile wala usinywe njiani, hata kama wewe hufungi.
- Jua maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi. Muulize nahodha yeyote, atakwambia bila kuangalia kitabu.

Hatua ya 1: Piga hesabu ukianzia mwisho

Chukua mfano wa ndege ya saa kumi jioni. Kaunta inataka uwe umefika lisaa limoja kabla, we weka lisaa na nusu, kwa hiyo uwe Manda saa nane na nusu. Kuvuka kwenyewe ni kama dakika kumi, kumi na tano, lakini boti ya abiria inangoja watu wajae, na mchana watu ni wachache, kwa hiyo weka nusu saa nzima. Maana yake saa nane kamili mguu wako uwe kwenye gati ya Lamu. Si sokoni, si kwenye meza ya mkahawa ukingoja bili. Gatini.

Sasa weka alamu saa saba na nusu. Iweke sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, maana ukishaingia vichochoroni utasahau, wallahi kila mtu husahau.

Ukitua saa nne na kuvuka ukafika mjini saa tano kasoro, una masaa matatu na kidogo. Yanatosha kabisa kwa mji wa kale, hayatoshi mji wa kale na vijiji vya Shela na Matondoni na kuogelea. Kosa namba moja la wageni wa bara ni kutaka vyote.

Hatua ya 2: Malizana na mzigo

Uliza kaunta ya kampuni yako ya ndege kama wanaweza kukaa na begi. Wakikubali, toa pasi au kitambulisho, dawa, laptop na pesa, hivyo utembee navyo. Wakikataa usigombane, vuka nalo, na mjini omba nyumba ya wageni yoyote karibu na pwani wakuwekee kwa malipo kidogo, wengi hawakatai ukiomba vizuri na ukianza na salamu.

Kitu kimoja usijaribu: kuburuta begi la magurudumu ndani ya mji. Magurudumu yale yalitengenezwa kwa sakafu ya uwanja wa ndege, hapa yanaisha kwenye mfereji wa kwanza. Ikibidi tafuta kijana wa mkokoteni.

Hatua ya 3: Vuka

Kutoka jengo la uwanja unatembea kidogo mpaka gatini. Hapo utakutana na vijana wa boti na kila mmoja ana ya kwake. Maneno ya kujua ni mawili: boti ya abiria, ambayo mnachanga nauli, na spesheli, ambayo ni yako peke yako na bei yake pia ni yako peke yako. Uliza bei kabla hujaweka mguu ndani, ukiwa umesimama kwenye saruji, si ukiwa katikati ya maji. Salimia kwanza. "Salaam aleikum" au "habari za asubuhi" inashusha bei kuliko kelele.

Vaa jaketi la kuokolea hata kama safari ni fupi na nahodha mwenyewe hajavaa.

Halafu, na hii ndio siri ya mwongozo mzima, chukua namba ya nahodha. Mwambie, "Kaka, saa nane nataka kurudi, utakuwepo?" Akisema atakuwepo mpigie tena saa saba na nusu alamu ikilia. Mtu wa boti akijua una ndege hatakuacha, hiyo ndio kazi yake kila siku na jina lake liko hapo, lakini lazima ajue.

Hatua ya 4: Anzia Mkunguni

Ukishuka gatini usianze kufuata mtu. Nenda moja kwa moja ndani hatua chache mpaka uwanja wa Mkunguni, ule wenye mikungu mikubwa na wazee wamekaa chini ya kivuli. Ngome iko hapo mbele yako. Zamani maji yalikuwa yanafika karibu nayo, ardhi hii yote ya mbele imejazwa baadaye. Ngome ilianza kujengwa karibu 1813, baada ya Waamu, yaani watu wa Lamu, kuwashinda Wapate na Mazrui, watawala wa Mombasa, kwenye vita vya Shela, ikamalizika 1821, na Waingereza wakaifanya jela, na jela ikabaki mpaka 1984. Wazee wengine hapa bado wakitaja ngome wanamaanisha jela.

Kama una masaa matatu ingia, panda juu ukutani, dakika ishirini zinatosha. Kutoka juu unaona mapaa ya makuti na ya mabati na unaelewa mji ulivyokaa: umelala kwenye mteremko, unashuka kuelekea baharini. Shika hilo kichwani, litakuokoa baadae.

Soko liko ubavuni. Pita tu, angalia samaki, usinunue pweza mbichi ukapande nae ndege (kuna mtu alifanya, nami nilikaa kiti cha nyuma yake).

Hatua ya 5: Ingia Usita wa Mui, elekea Mkomani

Usita wa Mui ni njia kuu ya ndani, inakwenda sambamba na pwani. Ukiwa umeipa ngome uso, kulia kwako ni upande wa Mkomani, kushoto ni Langoni. Mimi nakwambia anza Mkomani, maana ndiko kwenye nyumba kongwe za mawe, na asubuhi vichochoro vyake vina kivuli.

Tembea polepole, hii si mbio. Angalia milango ya nakshi, halafu angalia kabla ya mlango, kuna daka, ile sehemu yenye viti vya mawe pande mbili ambapo mwenye nyumba alikuwa akikaa na wageni bila kuwaingiza ndani kwa watu wake. Ukiona daka tupu usijibwage kukaa bila kuomba, ni kama kukaa sebuleni kwa mtu. Inua kichwa: pale chumba kinapokatiza juu ya njia kuunganisha nyumba mbili panaitwa wikio. Wanawake wa zamani walivuka mtaa mzima juu kwa juu bila kukanyaga chini. Kuta zenyewe ni matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko, na ndio maana vyumba vya zamani ni vyembamba vile, boriti ina urefu wake na chumba hakiwezi kuushinda.

Sasa punda. Utasikia kwato, halafu sauti, "Simila! Punda! Punda!" na hapo una kama sekunde tatu. Usisimame katikati ukitoa simu upige picha. Bana mgongo ukutani, vuta tumbo, begi lipeleke mbele. Punda mwenyewe ni mpole na njia anaijua kuliko wewe, kinachoumiza ni shogi, ule mzigo wa pande mbili uliojaa mchanga au mawe ya kujengea, yeye hajui kwamba ana upana huo. Nilikuwa na mgeni wangu kutoka Nakuru, kanzu yake nyeupe mpya alonunua nusu saa kabla, punda wa mchanga akampitia, kanzu ikabaki na mstari wa udongo kutoka kiunoni mpaka pajani umenyooka kama umepigwa rula.

Huko Mkomani tafuta makumbusho ya Nyumba ya Waswahili. Ni nyumba ya karne ya 18, ndogo, lakini ndani utaona zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyopangwa safu kwa safu, na jiko lilivyowekwa juu ili moshi uondoke. Vibao vya kuonyesha njia ni vichache, uliza watoto, watakupeleka mbio.

Kutoka hapo shuka moja kwa moja pwani, kisha rudi ukifuata bahari. Utapita Makumbusho ya Lamu, na kama utaingia mahali pamoja tu siku nzima, mimi nasema ingia hapa, kwa ajili ya siwa. Ni mabaragumu makubwa ya zamani, la Pate la pembe za ndovu na la Lamu la shaba, yalikuwa yakipulizwa kwenye harusi za wakubwa na shughuli za utawala. Simama mbele yake kimya dakika mbili. Picha hazionyeshi ule ukubwa.

Upande huo wa pwani pia iko kliniki ya punda, imekuwepo tangu miaka ya themanini. Haina mambo mengi ila ukiwa na mtoto simama.

Hatua ya 6: Kula, lakini kwa saa

Hapa ndipo wengi wanapoachwa na ndege, si vichochoroni. Mtu anaagiza biriani la kamba saa saba na robo. Jikoni ndio kwanza wanamenya kitunguu.

Kanuni yangu: mgahawa wa kuketi na menyu, agiza kabla ya saa sita na nusu, na uliza "kipi kiko tayari?" Wali wa nazi na samaki wa kupaka huwa tayari mchana mahali pengi, na juisi ya ukwaju au ya embe. Kama umechelewa kula vya barabarani: viazi vya karai na ukwaju, sambusa, bajia, dafu. Ukifika mapema kabla ya saa nne na nusu unaweza kukuta mahamri na mbaazi yamebaki, ukiyakuta usiulize maswali nunua. Na ukibahatika kukutana na mkate wa mofa, ule unaobandikwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri ya udongo mpaka unashika rangi, chukua mmoja wa kula sasa na mmoja wa kwenye ndege. Ukipoa unakuwa mgumu lakini ladha inabaki.

Hatua ya 7: Ukibakiwa na muda, Langoni

Pita Usita wa Mui sasa ukielekea upande wa pili wa ngome. Karibu hapo kuna nyumba ilokuwa posta ya Wajerumani, ilifunguliwa 1888 wakati Wajerumani wana mambo yao na Sultani wa Witu, ikafungwa 1891. Miaka miwili na ushee tu na bado tunaisema.

Mbele zaidi ni maduka, wafua fedha wanaotengeneza pete zenye vipande vya vyombo vya kale vya kauri, na kofia za vito. Kofia ya vito ya kweli inashonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, kazi ya miezi, kwa hiyo ukiambiwa bei usicheke. Ukitaka ya bei rahisi ipo, ya mashine, geuza ndani uangalie mshono utajua. Ukiendelea utafika msikiti wa Riyadha, aloanzisha mwanachuoni Habib Swaleh, ambao wakati wa Maulidi watu wanajaa kutoka pwani nzima na nchi jirani. Asiyekuwa Muislamu atazame kwa nje na aombe ruhusa kabla ya picha.

Picha kwa jumla: mwanamke wa buibui humpigi bila kumuuliza, mtoto unamuuliza mzazi, askari na mambo ya uwanja wa ndege hupigi kabisa.

Kuhusu Shela, maana najua mtaniuliza

Ndiyo inafikika kwa miguu, kama kilomita tatu, dakika arobaini kwa mtu wa kawaida ukifuata pwani. Ndiyo ni pazuri. Lakini kwa masaa matatu mimi sikushauri, na nikwambie kwa nini. Nilimpeleka binamu yangu, maji yamekupwa, mchanga mgumu, tukafika tunapiga stori. Tukakaa. Sikuangalia maji, mimi mtoto wa hapahapa! Kumbe ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa sana, kurudi tukakuta bahari imepanda mpaka ukutani, tukaenda viatu mkononi, suruali imekunjwa magotini, yeye laptop kaibeba kichwani kama mchuuzi wa ndizi. Ndege aliiwahi. Alipanda akiwa amerowa mpaka kiunoni na yule dada wa mlangoni akamtandikia gazeti kwenye kiti.

Ukilazimisha, nenda kwa boti na urudi kwa boti. Na magofu ya Takwa, kule Manda kwenyewe, usiyafikirie kabisa kwenye safari ya masaa machache, mkono wa bahari unaoingia kule unahitaji maji kujaa, yakikupwa boti inakaa kwenye matope na wewe ndani.

Mambo yakienda kombo

*Umepotea.* Kila mtu hupotea, ramani ya simu humo ndani inachanganyikiwa kwa zile kuta. Tazama chini, fuata maji ya mfereji yanakokwenda. Yanashuka baharini, na wewe pia. Ukitokea pwani uliza gati iko wapi.

*Kuna kijana anakufuata anasema atakutembeza bure.* Hakuna bure. Kama unamtaka patana bei na muda kabla, tena wengine wana maarifa kweli na kwa masaa mawili watakuonyesha vitu mimi sikuviandika. Kama humtaki, sema "Ahsante kaka, natembea mwenyewe" mara moja kwa upole na uendelee kutembea. Usidanganye kwamba una mwenyeji, atakuuliza jina lake, na mji huu wote tunajuana.

*Maduka yote yamefungwa.* Ni saa saba mchana, watu wameswali adhuhuri, wamekula, wamelala. Yatafunguliwa alasiri, na wewe hutakuwepo. Ndio maana nilisema anza asubuhi.

*Nahodha hapokei simu.* Nenda gatini mapema, uliza boti yoyote ya Manda, taja saa ya ndege yako kwa sauti wote wasikie. Mara nyingi mtapatikana wasafiri watatu wanne wa ndege hiyohiyo mkachanga spesheli.

*Bahari imechafuka au mvua ya masika imeshuka.* Usingoje ipungue ukiwa mkahawani. Rudi mapema, boti huwa chache na kila mtu anataka kuvuka wakati mmoja. Simu na pasi tia kwenye mfuko wa plastiki.

*Kampuni imekutumia meseji kwamba ndege itaondoka mapema zaidi.* Ondoka sasa hivi, lipa spesheli, chakula acha. Ikiwa imecheleweshwa, wapigie kwanza uhakikishe na wao kwa sauti, maana iliyocheleweshwa saa sita inaweza kurudishwa mapema saa saba, nishaliona hilo kwa macho yangu, jamaa anakula halua pale Mkunguni na ndege yake inampita juu ya kichwa.